Nia na Njia: Bedia Muvahhit katika Jukwaa la Uturuki

Wahenga walisema, penye nia pana njia. Methali hii tumezoea kuitaja kila tusimuliapo habari za waanzilishi wa sanaa, hata ikaonekana kana kwamba ushujaa wa mtu mmoja watosha kufungua mlango uliofungwa na jamii nzima. Katika makala haya tunakusudia kuipima kwa maisha ya Bedia Muvahhit, mwigizaji wa Kituruki aliyezaliwa Istanbul mwaka 1897 na kufariki mwaka 1994, aliyekuwa miongoni mwa wanawake Waislamu wa kwanza wa nchi yake kuonekana katika sinema na jukwaani.

Hapana budi kwanza tuieleze hali aliyoikuta. Katika Dola ya Kituruki ya zamani mwanamke Mwislamu hakuruhusiwa kuigiza hadharani. Tamthilia za Kituruki hazikukosa wahusika wa kike kwa sababu hiyo. Waliowaigiza, aghalabu, walikuwa wanawake wa Kiarmenia. Hao ndio waliolibeba jukwaa hilo kwa miaka mingi, na mhakiki asiyewataja huwa ameanza hadithi katikati.

Mwaka 1918 chuo cha maigizo cha Istanbul, kilichoitwa Darülbedayi, kilipokea wasichana watano Waislamu wajifunze uigizaji. Mmoja wao alikuwa Afife, aliyejulikana baadaye kwa jina la Afife Jale. Mwaka 1920 mwigizaji wa Kiarmenia Eliza Binemeciyan alipokuwa ameondoka nchini, Afife alishika nafasi yake katika tamthilia ya Yamalar, iliyoandikwa na Hüseyin Suat. Watazamaji walimpokea, lakini askari wa polisi walimwandama. Mwaka 1921 ilitoka amri ya kuwakataza wanawake Waislamu kupanda jukwaani, naye akafukuzwa kazi. Ufukara na maradhi vilimwelemea, dawa ya mofini ikamtawala, na mwaka 1941 akafariki katika hospitali ya wagonjwa wa akili, hajatimiza miaka arobaini. Je, binti huyu alikosa nia?

Sasa tumtazame Bedia. Alikuwa msichana aliyesoma, akijua Kifaransa barabara. Alipata kufanya kazi katika kampuni ya simu, miongoni mwa wanawake Waislamu wa mwanzo kuajiriwa humo, kisha akawa mwalimu wa Kifaransa. Mumewe, Refet Muvahhit, alikuwa mwigizaji. Mwaka 1923 Muhsin Ertuğrul alitaka kuifanya sinema riwaya ya Halide Edib iitwayo Ateşten Gömlek, inayosimulia vita vya ukombozi wa Uturuki. Mwandishi alikubali kwa sharti kwamba wahusika wa kike waigizwe na wanawake wa Kituruki walio Waislamu. Ndipo Bedia akapewa nafasi ya Ayşe, na mwenzake Neyyire Neyir akawa Kezban. Mwaka huohuo, mjini Izmir, Bedia alipanda jukwaani mbele ya Mustafa Kemal, kiongozi wa taifa lililokuwa likizaliwa. Safari hii hakutokea askari wa kumkamata.

Baina ya wanawake hao wawili ilipita miaka mitatu tu. Tukiangalia kwa makini tutaona kwamba kilichobadilika katika miaka hiyo si ujasiri wa wanawake. Kilichobadilika ni dola, na pamoja nayo watu waliosimama nyuma ya mwigizaji: mwandishi aliyeweka sharti, mume aliyeijua kazi hiyo, na kiongozi aliyeketi kumtazama. Afife alikuwa na nia, njia hakuipata. Bedia alikuwa na nia, na njia akatengenezewa.

Huenda msomaji akadhani kwamba tunampunguzia Bedia sifa yake. La, hasha! Mlango kufunguliwa ni jambo moja, na kukaa ndani ya nyumba ni jambo jingine. Mumewe alifariki mwaka 1927, na Bedia hakuiacha kazi. Alidumu jukwaani kwa takriban nusu karne, akasifika hasa katika michezo ya kuchekesha, akatafsiri tamthilia kutoka Kifaransa, na mwaka 1987 serikali ikamtunuku cheo cha Msanii wa Taifa. Heshima ya jioni ile ya Izmir alipewa na wengine. Heshima ya miaka iliyofuata aliifanyia kazi mwenyewe. Kwa maoni yetu, hiyo ya pili ndiyo kubwa zaidi.

Historia hupenda kusimulia jioni yenye kiongozi ndani yake, kwa kuwa inapendeza kusikika. Hata hivyo Waturuki wenyewe hawakumsahau aliyetangulia. Mwaka 1987 ilitolewa sinema juu ya maisha ya Afife Jale, na tangu mwaka 1997 tuzo za maigizo za Istanbul hutolewa kwa jina lake. Ni jambo jema, ingawa maua ya kaburini hayamshibishi aliyekufa na njaa.

Basi walimu na wanafunzi wanaposoma habari za mwanzilishi yeyote wa sanaa, wasitosheke na kuuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza. Waulize pia nani alijaribu kabla yake akazuiwa, kwa amri ya nani, na nani aliiondoa amri ile. Taifa linalotaka wasanii haliwezi kungoja mashujaa peke yao. Lina wajibu wa kuilima njia, ili wenye nia wapite wakiwa hai.