Mandhari Inayopeleleza: Mkahawa wa Chai katika Death by Darjeeling

Mwalimu mwenzangu, swali la mandhari likitahiniwa, majibu mengi huwa ya sampuli moja. Mtahiniwa hutaja mji, hutaja nyumba, hutaja wakati, kisha huyoo, amehamia swali jingine. Mandhari kwake ni jukwaa tupu ambalo wahusika hupanda na kushuka. Hebu tuitazame riwaya ambayo haimo katika orodha ya vitabu teule, lakini inayoonyesha bayana kuwa mahali paweza kufanya kazi ya mhusika.

Riwaya yenyewe ni Death by Darjeeling (2001), ya kwanza katika mfululizo mrefu wa Laura Childs, lakabu ya mwandishi Mmarekani Gerry Schmitt. Mhusika mkuu, Theodosia Browning, aliwahi kufanya kazi ya matangazo ya biashara, na sasa anamiliki mkahawa wa chai uitwao Indigo Tea Shop mjini Charleston, jimbo la South Carolina. Katika tafrija ambapo yeye ndiye anayewaandalia wageni chai, mfanyabiashara wa ardhi na majengo, Hughes Barron, anapatikana amekufa, kikombe kitupu mkononi. Chai ni ya Theodosia. Asipojua aliyeua, nani atathubutu kuketi tena mezani pake? Huo ndio mgogoro, nao hauhitaji bastola.

Aina hii ya riwaya huificha damu. Mauaji hutukia pembeni, jamii ni ndogo na watu wanajuana, na mpelelezi ni raia tu asiye na cheo. Agatha Christie aliizoesha dunia mtindo huu kupitia Miss Marple, ajuza wa kijijini, katika The Murder at the Vicarage (1930). Msomaji aliyezoea mbio za Willy Gamba wa Elvis Musiba au Joram Kiango wa Ben Mtobwa huenda akaiona imepoa kama chai ya jana. Asiharakishe kuitupa.

Tazama jinsi habari zinavyopatikana. Afisa wa polisi, Burt Tidwell, anauliza kwa mamlaka ya sheria, na anayeulizwa na polisi hupima kila neno. Theodosia anamimina chai. Aliyeketi mbele ya kikombe cha moto hahojiwi; anazungumza. Wanafunzi wetu wanalijua hili vizuri kuliko wanavyodhani, kwa kuwa kibandani pa chai karibu na kituo cha matatu habari hufika kabla ya kumfikia chifu. Kwa hiyo mkahawa ndio unaosukuma msuko: ndimo siri zinamotoka na ndimo shuku zinamokutanishwa. Taharuki pia inazaliwa humo humo, maana yeyote anayesifu keki yaweza kuwa ndiye muuaji. Mtahiniwa akiandika kuwa “mandhari ni mkahawa wa chai” amesema kweli, lakini hajajibu swali.

Mlinganishe Theodosia na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) maiti ya Bwana Ali inapatikana mzimuni, mahali panapoogopwa. Bwana Msa, naye si askari, anatumia akili kuonyesha kuwa nyuma ya hofu ile yupo binadamu mwenye tamaa zake. Childs anaanzia upande wa pili. Mahali pake hapatishi hata kidogo. Panaliwaza, na mpelelezi analazimika kuivua ile faraja ili tuone kilicho chini yake. Mmoja anaondoa hofu, mwingine anaondoa utulivu. Ulinganishi huu ni mzuri kwa darasa la kidato cha tatu, kwani unamtoa mwanafunzi katika kukariri sifa za wahusika.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema hii ni burudani isiyo na maudhui ya kuhakikiwa. Chukua jina la mkahawa. Indigo ni nili, rangi ya buluu. Katika karne ya 18 nili ilikuwa zao kubwa la biashara huko South Carolina, na waliolilima ni Waafrika waliotumikishwa utumwani. Charleston ilikuwa mojawapo ya bandari kuu walikoshushiwa. Pale palipokuwa gati la Gadsden pamefunguliwa jumba la makumbusho ya historia yao mwaka 2023. Katika riwaya, jina hilo linaning'inia juu ya mlango kama pambo. Theodosia, ambaye hakipiti kikombe asikinuse, haulizi lilikotoka. Hiki ni kinaya ambacho sidhani mwandishi alikikusudia, na kwangu ndicho kinachoipa kazi hii uzito. Faraja ya mkahawa inamfichua muuaji mmoja na papo hapo inafunika vifo vingi vya zamani.

Na chai yenyewe? Darjeeling ni eneo la India lenye mashamba ya majani chai. Mwanafunzi wa Kericho au Nandi, ambaye huenda mamake huamka alfajiri kuchuma, ana haki ya kuuliza wachumaji wako wapi katika hadithi inayoitwa kwa jina la shamba lao. Mpe swali hilo aliandikie insha, umwachie nafasi ya kutokubaliana nawe.