Mkato Kando ya Jina

Katika mazungumzo, sauti ndiyo inayoonyesha jina la mtu limetumikaje: anayeita hulivuta, kisha hupumua kidogo kabla ya kuendelea. Kwenye karatasi sauti haipo, na kazi hiyo yote huachiwa mkato, ambao wengine huuita koma au kipumuo.

Kazi yake ya kwanza ni kumtenga anayeitwa na maneno anayoambiwa. Jina likitangulia, hufuatwa na mkato: “Rehema, funga mlango.” Likija mwisho, hutanguliwa nao: “Funga mlango, Rehema.” Likikaa katikati, hukingwa pande zote mbili, kama bungeni: “Nakushukuru, Mheshimiwa Spika, kwa kunipa nafasi.” Mheshimiwa na Spika hawatenganishwi, kwa kuwa ni mtu mmoja.

Kanuni hii ina uzito wa pekee katika Kiswahili, kwa sababu kitenzi hubeba ndani yake kiambishi cha mtendwa. “Nimemwona Asha” humaanisha kuwa aliyeonekana ni Asha. “Nimemwona, Asha” humaanisha kuwa Asha anapewa habari za mtu mwingine. Desturi ya kuwaita wazazi kwa majina ya watoto wao nayo hudai uangalifu. “Mama Asha amefika” hutangaza ujio wa mzazi. “Mama, Asha amefika” humjulisha mzazi kwamba mwanawe amekuja.

Kazi ya pili ni kufafanua. “Kaka yake Salim anaumwa” ina maana kwamba mgonjwa ni nduguye Salim. “Kaka yake, Salim, anaumwa” ina maana kwamba mgonjwa ni Salim mwenyewe, na mikato miwili imemtambulisha. Wasifu unaotangulia jina hauhitaji alama: “Mwandishi Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909.” Unaofuata jina kama nyongeza hukingwa: “Shaaban Robert, mwandishi wa Kusadikika, alizaliwa mwaka 1909.” Mkato wa pili ndio unaosahauliwa sana. Kipimo chake ni chepesi: yakiondolewa maneno yaliyo kati ya mikato, sentensi iliyobaki isimame yenyewe. Pasipo nyongeza yoyote, mkato hauna nafasi kati ya jina na kitenzi chake. “Rehema, amefika” ni kosa kama Rehema ndiye aliyefika.

Kazi ya tatu ni kuorodhesha. Waswahili wengi huandika jina la mtu, la baba yake na la babu yake kwa mfululizo, hivyo “Juma Hamisi Saidi” ni mtu mmoja, na “Juma, Hamisi na Saidi” ni watu watatu. Katibu wa kikao akiandika waliohudhuria kuwa “Juma Hamisi, Saidi na Rehema”, kisha nakala safi ikasomeka “Juma, Hamisi Saidi na Rehema”, idadi imebaki watatu lakini wawili kati yao wamekuwa watu wengine. Katika orodha ya vitabu, mkato hudokeza kwamba jina limegeuzwa ili lipangwe kwa alfabeti: “Robert, Shaaban”.

Alama hii ina mpaka wake pia. “Asha, Juma na Rehema wamefika” yaweza kuwa orodha ya watu watatu, au habari za wawili anazopewa Asha, na hakuna mkato wa kuongeza wala kupunguza utakaoamua. Mwandishi fundi huiacha alama hapo akapanga maneno upya. Kama waliofika ni watatu, huandika: “Wamefika Asha, Juma na Rehema.” Kama Asha ndiye anayeambiwa, huandika: “Asha, wamefika Juma na Rehema.”