Sifa za Programu Nyepesi

Daftari zima la Bitcoin, tangu bloku (fungu la miamala) ya kwanza ya 3 Januari 2009, limeshapita gigabaiti 600. Mkulima wa mpunga wa Majimoto, huko Katavi, ananunua bando la siku kwa shilingi za kuhesabu, na simu yake inajaa kwa picha chache. Hana pa kuliweka daftari hilo. Akitumia huduma kama Machankura, aliyoianzisha Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini mwaka 2022, hata kitochi kisicho na intaneti kinatosha. Ila hesabu zinakaa kwa mwenye huduma, mteja anasomewa salio tu. Je, mwenye simu ndogo hawezi kukagua mwenyewe?

Jibu lilikuwamo tayari katika andiko la Satoshi Nakamoto la 2008. Kila bloku ina kichwa cha baiti 80. Nne ni toleo, 32 ni heshi, yaani alama ya kidole, ya bloku iliyotangulia, 32 nyingine ni mzizi wa miamala yote; kisha saa, kiwango cha ugumu na namba ya kubahatisha ya mchimbaji, baiti nne nne. Huko Luviro, kwenye Hifadhi ya Virunga mashariki mwa Kongo, mashine zilianza mwaka 2020 kula umeme wa maji zikiisaka namba hiyo, jaribio juu ya jaribio. Simu ikipokea kichwa, inakokotoa heshi mara moja, inaona iko chini ya kiwango, basi. Kutengeneza ni jasho, kukagua ni dakika sifuri. Na anayetaka kudanganya naye lazima alipie umeme.

Vichwa 840,000 vya hadi Aprili 2024 havifiki megabaiti 70. Muamala mmoja kati ya 4,000 ya bloku unathibitishwa kwa heshi 12 tu, kupitia mti wa heshi alioubuni Ralph Merkle mwaka 1979. Hizo ni baiti 384, pungufu ya meseji tatu.

Mafundi hawakuridhika. Ethereum, mtandao mwingine wa sarafu, enzi za uchimbaji wake, ilitoa vichwa vizito kila baada ya sekunde chache. Milioni 7 vilizidi gigabaiti 3. Mwaka 2020 Benedikt Bünz na wenzake watatu wakachapisha FlyClient. Mnunuzi wa mpunga hafungui kila gunia. Anachoma bambo kwenye magunia aliyoyachagua yeye, bila kuelekezwa na muuzaji. FlyClient inavifanyia vichwa vivyo hivyo, na ushahidi wote ukashuka chini ya kilobaiti 500.

Utamu wake uko katika kuchagua pa kuchoma. Mghushi mwenye nguvu haba hawezi kuitengeneza upya historia yote. Lazima aachane na mnyororo wa kweli mahali fulani, kisha ajazie bandia mpaka mwisho. Kwa hiyo sampuli zinasongamana kuelekea mwisho. Tena uchaguzi wenyewe unatokana na heshi ya bloku ya karibuni, hivyo mghushi hajui mapema ni kipi kitafunguliwa.

Programu nyepesi, inayotegemea vichwa tu, haikagui kila kitu. Haioni kama mchimbaji amejiongezea sarafu. Inategemea kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya kompyuta iko kwa waaminifu, na kwamba walau nodi (kompyuta ya mtandao) moja kati ya zile inazoziuliza inasema kweli. Nodi inaweza pia kuuficha muamala, na ukimya hauna heshi ya kukokotoa. Fundi hodari anayaandika masharti hayo waziwazi, kisha anayapunguza: anaiunganisha simu na nodi nyingi, anamtaka muuzaji asubiri bloku kadhaa juu ya malipo kabla gunia halijatoka ghalani.

Ndiyo maana nausifu ufundi huu. Umeweka mzani mkononi mwa mwenye simu ya bei poa, na ukamwambia bila kuficha unapima nini na haupimi nini. Mabenki mengi yenye majengo marefu hayajawahi kutufanyia yote mawili.