Vyuo vya Kismayu na Faida ya Kuingia Ubia wa Utafiti wa Historia

Mwaka 1996 Chuo Kikuu cha Uppsala, nchini Sweden, kilichapisha tasnifu ya Ahmed Duale Jama juu ya chimbuko na ukuaji wa mji wa Mogadishu kati ya mwaka 1000 na 1850. Itazameni vizuri tarehe hiyo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Somalia vilikuwa vimepita miaka mitano, Chuo Kikuu cha Taifa kilikuwa kimefungwa na Makumbusho ya Taifa yalikwisha kuporwa. Mji ulikuwa ukibomolewa, na wakati uo huo historia yake ya zaidi ya miaka mia nane ikatoka kitabuni, imeandikwa na Msomali. Haikuwa bahati. Ilikuwa kazi ya ubia wa utafiti ambao Somalia iliingia kabla ya vita. Namna ubia ule ulivyoundwa ina mengi ya kuvifaa vyuo vya Kismayu leo, hasa kwa habari ya Visiwa vya Bajuni, ambako ubia ule haukufika.

Mradi wenyewe ulihusu chimbuko la miji katika Afrika Mashariki. Ulianza katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 kwa fedha za SAREC, shirika la Sweden lililokuwa likisaidia utafiti katika nchi zinazoendelea, na mratibu wake mkuu alikuwa mwanaakiolojia Paul Sinclair. Ndani yake zilikuwamo Somalia, Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, Komoro, Madagaska, Msumbiji, Zimbabwe na Botswana. Kila nchi ilifanya kazi katika ardhi yake kwa watafiti wake. Mwanafunzi wa uzamivu hakuhamia Ulaya moja kwa moja: alikwenda Uppsala kwa vipindi, akasoma, akatumia maabara na maktaba, kisha akarudi kwao kuchimba na kuandika huku akiwa bado mtumishi wa taasisi yake. Washirika walikutana Madagaska mwaka 1989, Zimbabwe mwaka 1990 na Zanzibar mwaka 1991, kila mmoja akiweka mezani alichokipata ili wenzake wakikosoe. Halafu ulikuwapo mfululizo wa vitabu wa Uppsala, kwa hiyo aliyemaliza kazi hakubaki kutafuta mchapishaji.

Mazao yake yanaonekana. Ricardo Teixeira Duarte wa Msumbiji na Innocent Pikirayi wa Zimbabwe walitoa tasnifu zao mwaka 1993. Felix Chami wa Tanzania akafuata mwaka 1994, Gilbert Pwiti wa Zimbabwe na Jama wa Somalia mwaka 1996, na Abdurahman Juma wa Zanzibar, aliyechimba Unguja Ukuu, mwaka 2004. Kabla ya hapo akiolojia ya pwani yetu iliandikwa zaidi na wageni waliokuja kwa msimu na kuondoka. Chami alirudi Dar es Salaam akafundisha kizazi kizima, na hoja yake kwamba miji ya pwani ilianzishwa na Waafrika wakulima na wavuvi wa papa hapa, wala si walowezi waliotoka ng'ambo, ilibadili mjadala mzima.

Hoja ya namna hiyo haijengwi na mtu aliye peke yake, na sababu yake ni ya kiufundi. Kigae cha chungu kilichookotwa Koyama, kimoja cha Visiwa vya Bajuni, hakisemi kitu mpaka kiwekwe kando ya kigae cha Shanga, cha Unguja Ukuu na cha Kilwa, na mpaka wote wanaovitazama wawe wamekubaliana namna ya kuviainisha: udongo wa aina gani, mdomo wa umbo gani, mistari imechorwa vipi, kimetoka tabaka lipi. Chuo kikitunga mfumo wake peke yake, matokeo yake hayalinganishwi na ya mtu yeyote. Mshirika wa ubia huupokea mfumo uliokwisha kupimwa katika nchi kadhaa, na vigae vyake vinaanza kuzungumza na vya wenzake tangu siku ya kwanza. Kwangu mimi faida hii inaipita ile ya fedha.

Kismayu haikunufaika kwa sababu Somalia iliingia kupitia taasisi za Mogadishu, na kazi ikafanyika Mogadishu. Kwa upande wa kusini tulichonacho ni kidogo na cha zamani. J. A. G. Elliott, Mwingereza, alichapisha maelezo ya safari yake visiwani katika jarida la London mwaka 1925 na 1926. Vinigi Grottanelli, mwanaethnolojia wa Kiitalia, alitoa kitabu kuhusu Wabajuni huko Roma mwaka 1955. Neville Chittick wa Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yule yule aliyechimba Kilwa na Manda, alipita pwani ya kusini mwa Somalia na kuchapisha ripoti yake mwaka 1969, na Hilary Costa Sanseverino akaongeza ya kwake mwaka 1983. Ripoti hizo mbili za akiolojia ni za ukaguzi: kutembea, kupima kuta za misikiti ya matumbawe, kuchora makaburi ya mnara, kuokota vigae vilivyo juu ya ardhi. Ni kazi zenye thamani kubwa, na asiyezisoma asijitie kusema juu ya visiwa vya Chovai au Chula. Lakini kilichomo chini ya misikiti ile, na umri wa makazi ya kwanza, havijulikani kwa kutazama ukuta.

Ukitaka kuona pengo hilo lina gharama gani, chukua utafiti wa vinasaba vya watu wa kale wa pwani uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi 2023. Ulipima mabaki ya watu 80, mengi yakiwa ya miji ya pwani ya Kenya na Tanzania: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Faza ni mji wa Wabajuni, kwa hiyo Wabajuni wamo. Lakini kutoka Kiunga, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, kwenda kaskazini hakuna hata sampuli moja. Sampuli hutoka penye uchimbaji uliosajiliwa, penye taasisi ya kutoa kibali na mtaalamu wa kukaa mezani na wenye maabara. Pasipo mambo hayo, watu wa Koyama na Ngumi wataendelea kusimuliwa kwa mifupa ya majirani zao.

Sasa njoo kwenye karatasi, ambako naona ubia una faida kubwa kuliko zote kwa chuo cha Kismayu. Katika karne ya 19 pwani hii ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ikawa Jimbo la Jubaland chini ya Waingereza waliotawala kutoka Nairobi. Kwa mkataba wa tarehe 15 Julai 1924 Uingereza ilikubali kuikabidhi kwa Italia, na makabidhiano yakafanyika mwaka 1925. Waitalia wakaiita Oltre Giuba, yaani ng'ambo ya mto Juba. Mwaka 1941 Waingereza wakairudia, mwaka 1950 Waitalia wakarejea kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1960 Somalia ikawa huru. Kila aliyepita alifungua mafaili, na alipoondoka akaondoka nayo au akayaacha makao makuu yake. Basi historia ya kisiwa ambacho mtu anakizunguka kwa miguu katika muda mfupi imegawanyika kati ya Zanzibar, Nairobi, London na Roma, kwa Kiarabu, Kiswahili cha herufi za Kiarabu, Kiingereza na Kiitalia. Kilichokuwa Mogadishu kilikumbwa na vita.

Hakuna chuo kimoja chenye wasomaji wa lugha zote hizo, wala bajeti ya kumpeleka mtu katika kila hifadhi. Katika ubia mshirika wa Roma hupiga picha faili la Oltre Giuba, wa Nairobi faili la Jubaland, wa Zanzibar barua za maliwali, na nakala zote zikakaa mahali pamoja. Kismayu hulipa kwa kile ambacho wengine hawana, yaani mtu anayelijua jina la kisima kilichotajwa katika barua ya mwaka 1910, au ukoo wa mzee aliyetia sahihi. Na umuhimu wa karatasi hizo haukuishia zamani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa hukumu yake ya mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya tarehe 12 Oktoba 2021, ilibidi kurejea mkataba ule wa 1924 na kazi ya kamisheni ya mpaka ya mwaka 1927, iliyoufikisha mpaka wa nchi kavu pwani karibu na Ras Kiamboni.

Mpaka huo ndio uliowakata Wabajuni vipande viwili. Jamaa walioko Kiunga, Ndau, Kizingitini na Faza wakawa Wakenya. Walioko Burikavo, Chula, Chovai, Koyama na Kismayu wakawa Wasomali. Baada ya 1991 wengi wa upande wa kaskazini walikimbilia Mombasa, wakakaa katika kambi ya Jomvu, na wengine wakafika Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Nchini Uingereza maisha ya Mbajuni anayeomba hifadhi yalifikia kutegemea ujuzi wa Kibajuni: mwaka 2004 mahakama ya rufaa za uhamiaji ilitoa mwongozo mzima unaohusu kama mwombaji anaweza kukisema. Majaji, mawakili na wachambuzi wa lugha wakajikuta wakitafuta nani anayekijua Kibajuni cha visiwani kwa ushahidi. Rejea yao kubwa ikawa kazi ya Derek Nurse, mwanaisimu aliyekuwa akifundisha Newfoundland, Kanada, aliyeanza kukusanya Kibajuni tangu miaka ya 1970. Tumshukuru kwa kukiandika. Lakini inaniuma kwamba swali la nani ni mtu wa Koyama halikuwa na chuo hata kimoja cha Jubaland cha kuulizwa. Chuo kilichomo katika ubia unaotambulika, chenye kanzidata na majina katika machapisho, kinaweza kutoa ushahidi ukasikilizwa.

Kuna hofu ya haki inayosemwa kila ubia unapotajwa: chuo kidogo hugeuzwa kuwa mpagazi, kikakusanya data huku majina ya vitabuni yakiwa ya wengine. Hofu hiyo haiondolewi kwa kukaa nje, huondolewa kwa masharti, na mfano wa masharti mazuri uko karibu. Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambao Habib Swaleh aliufanya chuo mashuhuri cha dini katika pwani nzima, uliingia katika mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, kazi ikisimamiwa na mwanahistoria Anne Bang wa Norway. Miswada ilipigwa picha pale pale Lamu. Asili haikutoka, kwa kuwa kanuni ya mpango ule inakataza nyaraka za asili kuhamishwa nje ya nchi. Kilichosafiri ni nakala za kidijitali, na nakala zikabaki Lamu pia. Msikiti haukupoteza hata ukurasa mmoja, na leo mswada wake unasomwa na mtu aliyeko Jakarta.

Kwa hiyo hati ya makubaliano ya Kismayu iandikwe mambo manne bila kuona haya. Nakala ya kila picha, kila kanda na kila ramani irudi Kismayu, na nyingine ikae nje ya Somalia, maana 1991 ilitufundisha. Jina la mtafiti wa Kismayu liwemo katika kila chapisho lililotokana na kazi yake. Kila awamu isomeshe mtu hadi shahada, kwa utaratibu ule wa kwenda na kurudi. Na wazee wa visiwani waulizwe kwanza, wasaini, na wasikilizwe wanaposema kaburi fulani lisiguswe.

Usalama hauruhusu kila kitu kwa sasa. Kismayu ilitoka mikononi mwa Al-Shabaab mwaka 2012, lakini kupeleka kikosi cha wachimbaji na vifaa vyao kwa msimu mzima visiwani ni jambo jingine. Nami nisingeanza na kuchimba. Ningeanza kwa kurekodi wazee, kupiga picha karatasi za ndoa, mirathi na vyombo zilizohifadhiwa majumbani, na kutumia picha za satelaiti kufuatilia magofu ambayo bahari inayala. Kazi hizo zinahitaji simu nzuri, kompyuta, intaneti na mafunzo ya wiki chache. Mtandao wa SomaliREN unaounganisha vyuo vya elimu ya juu vya Somalia upo, na unaweza kubeba sehemu ya mzigo wa kuhifadhi data.

Washirika wa kwanza wasitafutwe mbali. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana ofisi Lamu na taasisi ya utafiti wa Waswahili Mombasa, na Zanzibar ina chuo kikuu chake cha SUZA pamoja na hifadhi yake ya nyaraka. Hawa wanasoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wana jamaa wa Kibajuni mlangoni, na hawahitaji mkalimani kuongea na mzee wa Chula. Ulaya ifuate baada ya meza ya majirani kukaa sawa, tena iitwe kwa kazi maalumu: maabara, na mafaili ya Roma na London.

Chuo Kikuu cha Kismayo kilianzishwa mwaka 2005, na kwa umri huo kinatosha kuingia katika ubia kwa jina lake chenyewe bila kusubiri Mogadishu. Nawaomba wakuu wake, na wa vyuo vingine vya mji huo, wapeleke barua Kilifi, Lamu na Unguja mwaka huu huu. Mtoto aliyezaliwa Chovai mwaka ule Grottanelli alipotoa kitabu chake amekwisha kutimiza miaka 70.