Bustani Inayoanza na Magoti ya Mtoto

Shamba la shule tulilolizoea, lile lililopata nguvu baada ya sera ya Tanzania ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, hupimwa kwa mavuno, na mara nyingi limekuwa adhabu ya waliochelewa. Sydney, Australia, kuna bustani za shule zenye kipimo kingine. Mwaka 2000 Royal Botanic Garden na idara ya nyumba za serikali ya New South Wales walianzisha Community Greening kwa wapangaji wa kipato cha chini. Baadaye kazi hiyo ikafika mashuleni, zikiwemo shule za wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Nataka tutazame ufundi wa bustani za aina hii.

Mtoto aliye kwenye kiti mwendo hawezi kuinamia tuta. Hata tuta lililoinuliwa kwa mbao humlazimu akae ubavu, kiuno kimejipinda kipindi kizima. Dawa yake ni meza ya udongo, yaani sanduku lenye nafasi wazi chini ya kupitisha magoti. Hapo ndipo hesabu inapobana. Magoti yanahitaji kama sentimeta 65. Ukiweka udongo wa sentimeta 30, ukingo unakaribia mita moja na mtoto anabaki kuchungulia. Basi udongo unapunguzwa hadi sentimeta 20 hivi, na mazao yanachaguliwa kufuata kina hicho: saladi, giligilani, mchicha, vitunguu vya majani. Nyanya hutafutiwa mahali pengine. Upana wa meza nao hufuata urefu wa mkono wa mtoto, siyo urefu wa ubao uliopatikana dukani.

Kwa mwenye usonji au ulemavu wa akili, kikwazo mara nyingi kiko kwenye neno moja la mwalimu: "Panda." Ndani yake mna kazi tano: kuchimba, kuweka, kufukia, kushindilia, kumwagilia. Kila kazi hupewa picha yake, na picha inageuzwa kazi ikiisha. Alizeti na maharage huanza kwa sababu mbegu zake zinashikika. Mbegu ya karoti ni ndogo mno kwa vidole vinavyotetemeka, kwa hiyo hubandikwa darasani kwa uji wa unga kwenye ukanda wa karatasi laini, kila moja kwa nafasi yake. Ukikauka, mtoto anaulaza ukanda mfereji mzima na kuufukia. Mbinu hii naipenda kuliko zote: mtoto amepanda mstari wa karoti kwa mikono yake, hakuna aliyemshika kiganja.

Wapo pia wanaotia kila kitu mdomoni. Vitongoji vya zamani vya Sydney vina madini ya risasi udongoni, mabaki ya rangi za nyumba na ya petroli yenye risasi, iliyoachwa mwaka 2002. Mwaka 2013 mradi wa VegeSafe wa Chuo Kikuu cha Macquarie ulianza kuwapimia wananchi udongo wa bustani zao. Ukinunua udongo wa mifuko unakutana na bakteria Legionella longbeachae, anayeshambulia mapafu. Mfuko ufunguliwe na mtu mzima mwenye barakoa, mahali pa wazi, udongo uloweshwe kabla watoto hawajafika.

Likizo ya Desemba na Januari, wiki kama sita za joto kali, ndiyo inayoua bustani nyingi. Australia wanatumia sana tuta lenye hifadhi ya maji chini, ambayo udongo huyanyonya kwenda juu. Kwetu pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu linatosha: kokoto na maji chini, kitambaa katikati, udongo juu, na tundu ubavuni la kutolea maji ya ziada. Liwe pipa la chakula, lisiwe la kemikali. Ila nusu pipa lina kina cha karibu sentimeta 28, halipandi juu ya magoti. Liwekwe chini kidogo kwa wanaosimama au wanaokaa kwenye viti vifupi, na wa kiti mwendo watengenezewe meza yao.