Mkia wa Kitenzi: Viambishi Tamati na Ufaafu wa Anwani

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, hebu tuanze na swali ambalo kila mmoja wetu amewahi kuliuliza au kuulizwa: Jadili ufaafu wa anwani ya riwaya ya Kidagaa Kimemwozea (alama 20). Aghalabu mtahiniwa hujibu hivi: kidagaa ni samaki mdogo, kuoza ni kuharibika, kwa hivyo anwani ina maana kuwa mambo yameharibika Sokomoko. Kisha huorodhesha yaliyoharibika: unyakuzi wa ardhi, mtoto mchanga aliyetupwa, mswada ulioibwa, ndoa zilizovunjika. Hoja hizo si mbovu. Tatizo ni kwamba anwani aliyoieleza ni nyingine. Ameeleza "Kidagaa Kimeoza". Marehemu Ken Walibora, aliyeichapisha riwaya hiyo mwaka 2012, hakuandika hivyo.

Tofauti kati ya kimeoza na kimemwozea imo katika silabi chache tu, nazo ndizo zilizobeba maana ya kitabu. Makala haya yanadai kuwa mhakiki anayepuuza viambishi tamati huipoteza anwani, na mara nyingi huipoteza kazi yenyewe. Aidha, yanadai kuwa mwanafunzi wa Pap Onditi anayezungumza Dholuo nyumbani haji darasani mikono mitupu. Ana kipimo cha kulinganishia, ila ni nadra sisi walimu kumwomba akitumie.

Viambishi vya lugha mbili

Pap Onditi ni kituo cha biashara katika eneo la Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Jina lenyewe ni somo la sarufi. Pap kwa Dholuo ni uwanda. Onditi ni jina la mtu. Maneno mawili yamewekwa sambamba na umilikaji umeeleweka. Kiswahili kingedai kihusishi: uwanda wa Onditi. Ukienda soko la Sondu, lisilo mbali na hapa, utasikia Dholuo, Kipsigis na Ekegusii siku moja, na Kiswahili kikiwaunganisha wote. Mtoto anayekulia hapa hujua mapema kuwa kila lugha ina namna yake ya kufunga maneno.

Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Dholuo ni ya Kiniloti. Nasaba zao ni mbalimbali, lakini zote mbili hupachika viambishi. Zinachotofautiana ni mahali na kazi. Tazama mifano hii:

(a) Nakupenda: mtendewa ku- yuko kabla ya mzizi. Kwa Dholuo ni aheri: mtenda a- yuko mwanzo, na mtendewa -i yuko mwisho.

(b) Niletee: Kiswahili kimetumia ni- ya mtendewa mwanzoni na -e- ya kauli ya kutendea baada ya mzizi. Kwa Dholuo ni kelna: -na ya mwisho inabeba "kwa ajili yangu" yote kwa mkupuo mmoja. Akitajwa mwingine, husemwa kelne, yaani mletee.

(c) Mwanangu: hapa Kiswahili nacho kimeweka mwenye mtoto mwishoni, sawa na Dholuo nyathina. Kiarabu pia hufanya hivyo: kitabi ni kitabu changu, kitabuka ni kitabu chako.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Kijaluo anajua vyema kuwa mwisho wa neno hueleza nani ameguswa na tendo. Asichokijua bado ni kwamba Kiswahili kimemgawa mguswa huyo sehemu mbili: nafsi yake iko mbele ya mzizi, na namna alivyoguswa iko nyuma. Mwalimu akilieleza hilo waziwazi, nusu ya ugumu wa mnyambuliko huisha.

Kidagaa kilimwozea nani?

Turudi kwenye anwani. Ki-me-mw-oz-e-a. Ki- ni ya upatanisho, nayo inatokana na udogo: dagaa wa kawaida huchukua a- na wa-, lakini kidagaa kimeshushwa hadhi. -Me- ni ya hali timilifu: jambo limekwisha kutokea na matokeo yake yangalipo. -Mw- ni mtendewa. -Oz- ni mzizi. -E- ni kauli ya kutendea. -A ni kiishio.

Tumezoea kuwafunza wanafunzi kuwa kauli ya kutendea ina maana ya kufanya jambo kwa niaba au kwa faida ya mwingine: amempikia, amemwandikia. Huo ni ukweli nusu. Kauli hiyo ina kazi nyingine pia: mwelekeo (alimkimbilia), ala (kisu cha kukatia), sababu (unalilia nini?) na hasara (ng'ombe amemfia, nyumba imemwangukia). Kimemwozea ni ya hasara. Kitenzi oza hakihitaji mtendewa. Samaki huoza peke yake. Kiambishi -e- kimeulazimisha uozo huo uwe na mwenyewe.

Wakazi wa fuo za Ghuba ya Winam hawahitaji kuelezwa picha hii. Dagaa, au omena kama aitwavyo kwa Dholuo, huanikwa juani. Mvua ikinyesha kabla hajakauka, omena huharibika. Msemaji anayepita njiani atasema ameoza. Mama aliyekopa pesa akamnunua atasema ameniozea. Tukio ni moja, lakini hasara ni ya mmoja tu, naye hutambulika kwa kiambishi. Dholuo nayo ina mkia wa namna hii. Gima otimorena ni jambo lililonipata: -re inaonyesha kuwa jambo limetendeka, na -na inaonyesha kuwa limenitendekea mimi. Mwanafunzi anayeisikia tofauti ya otimore na otimorena yuko hatua moja tu kutoka kwa tofauti ya kimeoza na kimemwozea.

Sasa mhakiki na aulize: huyo mw- ni nani? Anwani haimtaji. Mtemi Nasaba Bora ndiye wa kwanza kufikiriwa. Ardhi aliyoipata kwa hila, mtoto aliyemzaa na Lowela na kumkana, na ukatili wake kwa wafanyakazi, yote yanamrudia mpaka anajinyonga. Lakini yupo pia nduguye, Mwalimu Majisifu, aliyeuiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake, kisha akaumbuka. Na mswada huo ulioibwa uliitwaje? Kidagaa Kimemwozea. Basi mwizi aliiba anwani iliyokuwa ikimsubiri yeye mwenyewe. Kinaya hiki hakionekani kwa mtahiniwa aliyeeleza "mambo yameharibika". Kinaonekana kwa aliyeuliza "yamemharibikia nani?"

Zingatia pia umoja wa -mw-. Mwandishi hakusema kimewaozea. Wananchi wa Sokomoko wameumia kwa muda mrefu, ila uozo wa anwani si wao. Ni wa mtu mmoja mmoja aliyeutenda. Hiyo ni hoja ya maudhui, tena ya kisiasa, nayo imetoka kwenye sarufi.

Kiambishi -ni na kisima

Anwani ya pili ni Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia (2001). Mkia wa hapa umo katika nomino. Kiambishi -ni kinapenda kutahiniwa katika Karatasi ya Pili: mahali (kisimani), wingi wa waambiwa (njooni), na ufupisho wa nini (wataka­ni?). Dholuo ina -ni pia, lakini kazi yake ni nyingine kabisa. Odni ni nyumba hii. Akeloni ni nakuletea. Mahali huonyeshwa na kihusishi kinachotangulia: e odni, katika nyumba hii.

Hapa ndipo unapozaliwa msemo unaotuudhi sana tunaposahihisha insha: katika shuleni, katika sokoni. Si watoto wa Nyakach peke yao wanaokosea hivi. Utausikia kote nchini. Lakini kwa mzungumzaji wa Dholuo sababu inaweza kuonekana waziwazi: amezoea kutanguliza e, na ile -ni haimwambii habari ya mahali. Hajawa mvivu. Anatumia kanuni, ila ya lugha nyingine.

Kiambishi -ni cha Kiswahili kina sifa ya pekee. Kituruki hutenga mikia mitatu: ev ni nyumba, evde ni nyumbani pa kuwapo, eve ni nyumbani pa kuendwa, evden ni nyumbani pa kutokwa. Kiswahili kina mkia mmoja, na kitenzi ndicho kinachoamua: yuko nyumbani, anaenda nyumbani, anatoka nyumbani. Kwa hivyo nomino yenye -ni ikisimama bila kitenzi, kama katika Kifo Kisimani, huachwa wazi. Je, kifo kilitokea kisimani, kilikuja kisimani, au kimetoka kisimani?

Tamthilia inajibu yote matatu. Mwelusi anauawa kisimani na Gege, nduguye. Kifo kimekuja mahali pa uhai, maana kisima ndicho maji ya Wanabutangi. Na kutoka hapo kunaanguka utawala wa Bokono. Mwenye kuijua hadithi ya Fumo Liyongo atakumbuka kuwa shujaa huyo naye alisalitiwa na wa damu yake, akafia kisimani akiwa amepiga goti na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji. Msomaji akiandika tu kuwa "kifo kilitokea kwenye kisima" ameutaja mtaa bila kuingia nyumba.

Kutenga, kutengwa, kutengana

Anwani ya tatu ni Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed (1980). U-teng-an-o. Mzizi ni teng-, na -an- ni kauli ya kutendana. Kwa Dholuo neno lililo karibu ni pogruok, kutokana na pogo, kugawa au kutenga. Mkia -ruok, pamoja na -re katika kitenzi, hufanya kazi ambazo Kiswahili kimezigawa. Giherore huweza kuwa wanapendana na huweza kuwa wanajipenda. Muktadha ndio unaoamua. Kiswahili hakiruhusu utata huo: -ji- iko mbele, -an- iko nyuma.

Mwanafunzi akiulizwa kuchagua kati ya hizo mbili, ndipo anapoanza kuhakiki. Bwana Maksuudi alianza kwa kutenga: alimfungia bintiye Maimuna nyumbani na kumnyima ulimwengu, na mkewe Bi Tamima akamwacha. Wanawake hao walitengwa. Lakini anwani si kutenga wala kutengwa. Mwandishi amechagua -an-, kiambishi kisichomsamehe yeyote: anayemtenga mwenzake amejitenga naye pia. Mwishoni Maksuudi ndiye aliye mpweke. Hukumu hiyo imo katika silabi moja, na mwandishi hakulazimika kuihubiri.

Tahadhari

Njia hii haifai kila mahali. Kigogo na Chozi la Heri ni anwani za nomino zisizo na mnyambuliko wa kujadiliwa namna hii. Ukizilazimisha utaandika sarufi tupu. Tena mtihani wa fasihi hautuzi uchanganuzi wa mofimu peke yake. Kiambishi kikutolee swali, na jibu litoke kwenye matukio ya kitabu. Asiyetaja matukio hana alama, hata akiupasua mnyambuliko wote.

Kwa mwalimu

Ipo kumbukumbu ambayo wengi waliosoma katika shule za Kenya wanayo: kibao kilichovishwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya mama. Kibao kimetoweka katika madarasa mengi, lakini dhana yake ingalipo tunaposema makosa yote ya mwanafunzi "ni ya Kijaluo" na kuishia hapo. Tukisema hivyo tumetaja asili ya kosa bila kulifunza. Mwulize aseme jambo hilo kwa lugha ya kwao, andika neno lake ubaoni kando ya la Kiswahili, kisha mwulize mkia uko wapi na unamgusa nani. Dakika tano zinatosha. Utakuwa umemfunza Karatasi ya Pili na ya Tatu kwa pamoja, nawe utakuwa umejifunza Dholuo kidogo ikiwa si lugha yako.

Nawe mtahiniwa, ukiisoma anwani, ianzie mkiani. Uliza: tendo hili limemwangukia nani?

Maswali ya marudio

1. Tunga sentensi nne kubainisha matumizi manne tofauti ya kauli ya kutendea. (alama 4)

2. "Nafsi ya mw- katika anwani Kidagaa Kimemwozea ina wenyewe zaidi ya mmoja." Thibitisha. (alama 20)

3. Chagua kitenzi kimoja katika lugha yako ya kwanza na ueleze jinsi inavyoonyesha kutendana na kujitenda. Linganisha na Kiswahili. (Zoezi la darasani)