Ukiona Ukuta, Simama: Uhakiki wa Lugha ya Masharti katika Ufundishaji wa Roboti, Jinja na Mbale

Ikisiri

Mjadala kuhusu Kiswahili cha teknolojia katika Afrika Mashariki umejikita zaidi katika majina ya vitu. Makala haya yanajenga hoja kwamba mwanafunzi anapoiandikia roboti programu ya kuitikia vitambuzi vyake, kikwazo kikubwa hakimo katika majina bali katika sentensi ya sharti. Kwa kuchunguza kiambishi -ki- na miundo inayokaribiana nacho, makala yanaonesha kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha kueleza kazi hiyo, ila mafunzo ya lugha na mafunzo ya TEHAMA hayajakutanishwa. Miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, imeteuliwa kuwa muktadha kwa sababu ya historia yake ya Kiswahili na mahitaji yake ya sasa. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera.

1. Utangulizi

Roboti ya darasani ni kifaa kidogo. Ina magurudumu, betri, ubao wa kielektroniki na kitambuzi kimoja au zaidi. Kitambuzi cha umbali cha aina iliyoenea hutoa wimbi la sauti lisilosikika kwa sikio la binadamu, kisha hupima muda ambao mwangwi wake unatumia kurudi. Kwa kuwa sauti husafiri hewani kwa kasi ya takribani mita 340 kwa sekunde, ukuta ulio umbali wa sentimita 20 hurudisha mwangwi baada ya muda unaozidi kidogo milisekunde 1. Namba hiyo ndiyo pekee ambayo roboti inaipata kuhusu ukuta. Mengine yote, yaani kwenda, kusimama au kugeuka, yanategemea sentensi alizoandikiwa.

Elimu ya roboti si ngeni Uganda. Shirika la Fundi Bots, lililoanzishwa mwaka 2011, limeitumia roboti kama njia ya kufundishia sayansi, na neno la kwanza katika jina la shirika hilo ni la Kiswahili. Hata hivyo, lugha rasmi ya kufundishia katika shule za sekondari nchini humo ni Kiingereza. Kwa upande mwingine, mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, huku TEHAMA ikiwa somo la kuchagua. Masomo hayo mawili yako katika ratiba moja, lakini kila moja linakwenda njia yake. Hasara inayotokana na utengano huo ndiyo inayohakikiwa hapa.

2. Miji miwili na Kiswahili cha amri

Jinja ni mji wa viwanda na wa kambi za jeshi. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa mwaka 1954, na viwanda vilivyofuata viliwakusanya wafanyakazi wa makabila mengi. Mbale, chini ya mlima Masaba, ni mji wa kahawa, wa biashara na Kenya, na wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichofunguliwa mwaka 1988. Lugha za wenyeji ni Kisoga kwa upande wa Jinja na Kimasaba kwa upande wa Mbale. Kiswahili kiliingia katika miji hiyo kwa njia za biashara, dini, kazi na jeshi.

Kati ya njia hizo, jeshi ndilo lililoacha kovu. Tangu enzi za ukoloni Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na mwaka 1973 utawala wa kijeshi wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa Waganda wengi wa kizazi hicho, "simama" na "kaa chini" si maneno ya darasani. Ni maneno ya kizuizi barabarani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria inaweza kubadilika kwa kura moja. Kumbukumbu ya amri haibadiliki hivyo.

Hapa ndipo roboti inapopata umuhimu unaozidi ule wa kiufundi. Anayeandika programu ndiye anayetoa amri. Mtoto wa Jinja au Mbale anayeiandikia roboti "simama" haamrishwi na mtu. Yeye ndiye anayeamrisha, na mara moja anagundua kwamba amri isiyo na sharti haina maana. Isimame lini? Mbele ya nini? Hadi lini? Maswali hayo hayawezi kujibiwa kwa msamiati peke yake.

3. Majina yamefika wapi

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta katika Kiswahili imefanywa kwa bidii. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye Kiswahili mwaka 2004, na mwaka 2011 ikachapishwa Kamusi Sanifu ya Kompyuta ya Kiputiputi. Juhudi hizo zinastahili heshima. Hata hivyo, kwa asili yake orodha ya istilahi hujibu swali la "hiki kinaitwaje?", na mara chache hujibu swali la "kinaambiwaje?".

Kifaa kinachozungumziwa hapa ni mfano mzuri. Kukitohoa kuwa "sensa" kunagongana na hesabu ya watu. "Kihisi" kimeundwa vizuri kutokana na kitenzi kuhisi, lakini kinakaribiana mno na "kihisishi", aina ya neno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huikariri katika sarufi. Tena kuhisi ni pamoja na kushuku, jambo ambalo mashine haiwezi. "Kitambuzi" ndilo neno lililochaguliwa katika makala haya, nalo pia lina kasoro yake, kwani linadai kwamba kifaa kinatambua. Hakitambui chochote. Kinapima tu, na namba yake haitofautishi ukuta na mguu wa mwalimu. Mwanafunzi anayelielewa hilo hapotezwi na neno lolote kati ya hayo matatu. Asiyelielewa hasaidiwi hata na neno lililo bora kuliko yote. Mjadala wa jina gani liwe sanifu ni halali, lakini umechukua nafasi ya mjadala wenye uzito zaidi.

4. Uzito wa kiambishi -ki-

Ichukuliwe sentensi ambayo mzungumzaji yeyote wa Kiswahili angeitumia kueleza kazi ya roboti:

(1) Ukiona ukuta, simama.

Kwa binadamu sentensi hii imekamilika. Kiambishi -ki- kinabeba sharti na wakati kwa pamoja, na msikilizaji anaongeza mwenyewe kile kisichosemwa. Mama akimwambia mtoto "mvua ikinyesha, anua nguo", hamwambii kwamba lazima atazame mbingu kila baada ya muda. Methali isemayo "mwenzako akinyolewa, wewe tia maji" haihusu kinyozi mmoja wala siku moja. Ni kanuni ya kudumu. Sharti la -ki- katika mazungumzo huja pamoja na mlinzi asiyetajwa. Kiganda, kinachosikika sana Jinja, nacho hutumia neno moja, bwe, kwa sharti na kwa wakati, kwa hiyo mwanafunzi hatarajii tofauti hiyo hata anapotoka katika lugha nyingine ya Kibantu.

Roboti haina mlinzi huyo. Sentensi (1) inaweza kuandikwa katika programu kwa namna nne zisizolingana:

(2) Tazama sasa. Endapo pana ukuta, simama.
(3) Kila uonapo ukuta, simama.
(4) Nenda mpaka uone ukuta, kisha simama.
(5) Muda wote ambao huoni ukuta, nenda.

Kwa sentensi (2), roboti iliyowekwa mita mbili kutoka ukutani hutazama mara moja, haioni kitu karibu, huendelea na safari na kuugonga ukuta. Hili ni miongoni mwa makosa yaliyozoeleka ya wanaoanza kuandika programu, na mara nyingi huhesabiwa kuwa kosa la hesabu au la uzembe. Kwa hakika ni tafsiri ya -ki- iliyompoteza mlinzi wake. Sentensi (3) inamrejesha mlinzi huyo kwa neno "kila" na kirejeshi -po. Tofauti ya (4) na (5) hudhihirika kitabu kinapowekwa mbele ya roboti kisha kuondolewa: chini ya (4) roboti hubaki imesimama, kwa kuwa kazi yake imekwisha, chini ya (5) hushika tena njia.

Tofauti zote hizo zimo katika Kiswahili cha kawaida. Hakuna istilahi mpya hata moja inayohitajika ili kuzieleza. Kinachohitajika ni mwalimu anayezitofautisha, ilhali mazoezi ya masharti katika somo la Kiswahili yamezoea kuelemea -nge- na -ngali-, yaani masharti ya mambo yasiyokuwapo, kuliko masharti yanayotendeka.

5. Sharti lililokatwa vipande

Programu nyingi za watoto huundwa kwa kuunganisha vipande vyenye maneno. Scratch, iliyo mashuhuri zaidi kati ya hizo, ina Kiswahili miongoni mwa lugha za kihariri chake. Hilo ni jambo la kushukuru, lakini linaibua tatizo la kisarufi lisilozungumzwa vya kutosha. Kipande cha sharti kina neno la sharti kando na nafasi tupu ya kuwekea sharti lenyewe. Muundo huo unaifaa lugha ambayo neno la sharti husimama peke yake. Katika Kiswahili, -ki- hukaa ndani ya kitenzi, kati ya kipatanishi na mzizi: u-ki-ona, i-ki-nyesha. Haiwezi kung'olewa na kuwekwa katika kipande chake.

Kwa hiyo mtafsiri yeyote wa vipande analazimika kutumia "kama" au "ikiwa". "Kama" lina kazi nyingine ya kulinganisha. "Ikiwa" ni afadhali, na lina somo ndani yake, kwani ni -ki- ileile iliyogandishwa katika kitenzi kuwa. Mwanafunzi anayegeuza "umbali ukipungua" kuwa "ikiwa umbali ni chini ya sentimita 20" anafanya uchanganuzi wa sarufi na uandishi wa programu kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo kwa upande wa pili wa sharti: "la sivyo" katika matumizi ya kila siku hubeba kitisho, ilhali "vinginevyo" hufungua njia nyingine bila kutisha. Katika nchi ambayo Kiswahili kinajitahidi kuvua sare, uchaguzi huo si mdogo.

6. "Maji yakipanda, ondokeni"

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha katika mafuriko yaliyofuata. Katika mji kama huo, sentensi "maji yakipanda, ondokeni" si zoezi la daftari. Nayo ina upungufu uleule wa sentensi (1). Yakipanda kufikia wapi? Nani anatazama, na kila baada ya muda gani? Watu warudi lini?

Anayeandika programu ya kitambuzi cha kina cha maji hawezi kukwepa maswali hayo. Lazima ataje kizingiti. Lazima aseme mara ngapi kitazamwe. Tena atagundua kwamba kizingiti kimoja hakitoshi, kwa sababu maji yanayochezacheza juu na chini ya alama moja yatafanya king'ora kilie na kunyamaza bila kukoma; huhitajika alama moja ya kuanza kulia na nyingine, iliyo chini yake, ya kunyamaza. Haidaiwi hapa kwamba roboti ya darasani ingezuia maafa. Kinachodaiwa ni kwamba jamii inayotoa tahadhari kwa lugha inayoeleweka na watu wa makabila mengi ina haja ya vijana waliozoea kuuliza sharti limekamilika au la.

7. Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili yenye nguvu. La kwanza ni kwamba vifaa, miongozo na mitihani ya TEHAMA viko katika Kiingereza, hivyo kuongeza Kiswahili ni kumtwisha mwanafunzi mzigo wa pili. Jibu ni kwamba haipendekezwi hapa kuhamisha somo zima. Mpango wa programu, unaoandikwa kwa sentensi za kawaida kabla ya kugusa kompyuta, unaweza kuandikwa kwa Kiswahili katika kipindi cha Kiswahili, na kosa la sentensi (2) likaonekana hapo mapema.

La pili ni kwamba Kiswahili kitazimeza Kisoga na Kimasaba. Hofu hii ina msingi na haipaswi kupuuzwa. Tangu mwaka 2007 mtaala wa madarasa ya awali ya msingi umezipa lugha za nyumbani nafasi ya kufundishia, na nafasi hiyo ilindwe. Ulinganisho wa masharti katika lugha hizo na Kiswahili ni kazi ya utafiti inayosubiri wataalamu wa lugha hizo wenyewe.

Uhaba wa vifaa na umeme si pingamizi la kukatisha tamaa. Mwanafunzi mmoja aliyefungwa kitambaa machoni, mwenye fimbo mkononi badala ya kitambuzi, anatosha kuwa roboti, mradi wenzake wamwongoze kwa sentensi zilizoandikwa na yeye asitii lolote ambalo halikuandikwa.

8. Hitimisho na mapendekezo

Kiswahili cha teknolojia kimeshapata majina mengi. Sasa kinahitaji sentensi. Kwa Kituo cha Taifa cha Ukuzaji wa Mitaala nchini Uganda, inapendekezwa mada ya masharti katika somo la Kiswahili ihusishe maelekezo ya mashine, na walimu wa masomo hayo mawili waandaliwe pamoja angalau kwa mada hiyo. Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, inapendekezwa orodha za istilahi ziambatane na sentensi za mfano zinazoonesha istilahi hizo zikifanya kazi. Kwa watafsiri wa programu za watoto, inapendekezwa wanasarufi washirikishwe kabla ya vipande kukatwa, si baada yake.

Sera ya mwaka 2022 haitapimwa kwa idadi ya vipindi vilivyoongezwa katika ratiba. Itapimwa kwa kazi ambayo Kiswahili kitapewa katika vipindi hivyo. Mwanafunzi wa Mbale anayeweza kueleza kwa nini roboti yake iligonga ukuta, na kusahihisha neno moja katika sentensi ili isiugonge tena, amekitumia Kiswahili kufikiri.